Kufunga Kizazi kwa Gharama ya Umma: Ridhaa ni ya Nani?



Wapo watakaosema kwamba jambo linalozungumzwa leo ni la chumbani na halifai kuletwa barazani. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama jambo lenyewe lingebaki chumbani. Lakini huduma inayofanywa na mtumishi wa umma, katika jengo la umma, kwa vifaa vilivyonunuliwa kwa fedha za umma, imekwisha kutoka chumbani. Kufunga kizazi ni huduma ya namna hiyo. Hutolewa bila malipo katika hospitali za Serikali pamoja na njia nyingine za uzazi wa mpango, na mara nyingine timu za wataalamu huipeleka mpaka kwenye vituo vya vijijini. Kwa hiyo wananchi wana haki ya kuuliza: kabla daktari hajashika kisu, ni nani lazima awe amekubali, akubali lini, na kukubali kwake kupatikane kwa njia gani?

Kwanza ifahamike huduma yenyewe ni nini, maana maneno ya vijiweni yameichafua. Kwa mwanamke, daktari hupasua sehemu ndogo ya tumbo, mara nyingi kwa sindano ya ganzi bila ya kumlaza usingizi, kisha huifunga na kuikata mirija miwili inayopitisha yai. Mfuko wa uzazi haung'olewi, hedhi haikomi, na hamu ya unyumba haiondoki. Kwa mwanamume kazi ni nyepesi zaidi. Hufungwa mirija inayopitisha mbegu, naye hurudi nyumbani siku ile ile, ila kwa muda wa miezi mitatu inampasa kutumia kinga nyingine mpaka mbegu zilizobaki ziishe. Wanaume wanaojitokeza ni wachache mno, ingawa kwenye kilabu cha pombe wote ni mashujaa.

Sindano ya miezi mitatu huisha nguvu yake yenyewe. Kijiti cha mkononi hutolewa. Kitanzi nacho hutolewa. Mirija iliyokatwa ni habari nyingine: upo upasuaji wa kuiunganisha, lakini ni wa gharama kubwa, wataalamu wake ni wachache, na haumhakikishii mtu kwamba atapata mtoto. Hapo ndipo lugha yenyewe inapomtega mwananchi. Neno "kufunga", katika Kiswahili cha kila siku, hubeba ndani yake neno "kufungua". Mlango uliofungwa hufunguliwa, mzigo uliofungwa hufunguliwa, hata ndoa iliyofungwa huweza kuvunjwa. Mama anayeambiwa "tutakufunga kizazi" anaweza kabisa kuelewa kwamba siku atakapotaka atarudi afunguliwe. Tena wataalamu wamezoea kutaja kwa pumzi moja "njia za muda mrefu na za kudumu", kana kwamba hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Muda mrefu una mwisho wake, na kudumu hakuna mwisho. Mama aliyeambiwa maneno hayo upesi upesi, akiwa kwenye foleni na mtoto mgongoni, akatia dole gumba kwenye wino, ameweka alama kwenye karatasi. Kama ameridhia ni jambo ambalo karatasi hiyo peke yake haiwezi kuthibitisha.

Sheria ya Mikataba ya nchi hii, katika kifungu cha 13, inaeleza kwamba watu huhesabiwa kuwa wameridhiana pale wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Kifungu kinachofuata kinasema ridhaa si huru ikiwa imepatikana kwa kulazimishwa, kwa kushinikizwa na mwenye mamlaka, kwa udanganyifu, kwa maelezo ya uongo au kwa kosa la kutoelewa. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya watu wanaouziana mazao, magari na ng'ombe. Haingekuwa haki mama wa Mikese apate ulinzi mdogo kuliko mnunuzi wa ng'ombe.

Hapana hapa anayesema huduma hii ifutwe. Yuko mama aliyekwisha pasuliwa mara tatu au nne wakati wa kujifungua, naye ameonywa kwamba mimba nyingine yaweza kuupasua mfuko wa uzazi. Yuko mwenye ugonjwa wa moyo. Yuko pia asiye na ugonjwa wowote, mwenye watoto watano au sita, ambaye ametosheka na hataki tena. Naye hahitaji kuomba radhi kwa mtu. Mwaka 1969, alipokuwa akiueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo mbele ya TANU, Mwalimu Nyerere aliwakumbusha wananchi kwamba kuzaa ni jambo ambalo binadamu na mnyama wako sawa, bali kulea na kuelimisha ndiko kunakomtofautisha binadamu. Sensa ya 1967 ilikuwa imehesabu watu wapatao milioni 12 Tanzania nzima. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61. Chama cha Uzazi na Malezi Bora, UMATI, chenye mizizi ya mwaka 1959, kilianza kazi hiyo wakati ambapo wengi walikitazama kwa shaka. Serikali ikaja kuiingiza katika kliniki zake za mama na mtoto kuanzia miaka ya 1970, na mpango wa taifa ukaanza mwaka 1989. Miongozo ya Wizara ya Afya inadai ridhaa ya mteja, na fomu zipo. Huduma ni njema na inahitajiwa. Lakini ni kwa sababu ni njema ndipo hatari yake inapoanza, kwa maana mtu anayeamini kwamba analeta jambo jema huwa mwepesi wa kusahau kuuliza.

Wazee wa Mikese hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Katika miaka ya 1916 na 1917 kituo cha reli cha hapa kiligeuzwa kuwa bohari la vita ya Waingereza na Wajerumani. Kutoka hapa mizigo ilishushwa kutoka kwenye mabehewa ikapelekwa kusini hadi kwenye mapigano ya Rufiji, na sehemu kubwa ilikwenda kwa vichwa vya wapagazi walioandikishwa kwa maelfu, kila mmoja akapewa namba, na wengi wao hawakurudi. Mwili wa Mwafrika ulikuwa kifaa cha vita isiyomhusu. Tena baadaye, miaka ya 1950, wakoloni walileta Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru. Shabaha yake, wakisema, ilikuwa kuzuia udongo usimomonyoke na kuzuia mito inayoshuka kwenye tambarare isichafuke. Shabaha si mbaya. Lakini watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi, kazi ikapimwa kwa hesabu na asiyetimiza akaadhibiwa, na hakuna aliyemwuliza mkulima ambaye angewaambia bila malipo kwamba udongo wenye rutuba katika milima ile ni mwembamba, na ukiuchimba kwa ngazi unauzika na kuleta juu udongo usioota kitu. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo walikataa, ghasia zikatokea, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa. Hata leo neno "matuta" likitajwa mlimani, wazee hulisikia kwa sikio jingine.

Kilichoharibu matuta ya Uluguru ndicho kilichoharibu uzazi wa mpango wa India: hesabu iliyopangwa juu na kutakiwa itimizwe chini. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na Bibi Indira Gandhi mwaka 1975, majimbo yalipangiwa idadi ya watu wa kufungwa, majimbo yakazipangia wilaya, na wilaya zikawapangia walimu, makarani na askari. Mwalimu ambaye hakuleta watu aliweza kunyimwa mshahara. Katika mwaka mmoja tu wa 1976 hadi 1977 watu zaidi ya milioni 8 walifungwa, wengi wao wanaume, na wengi wakiwa maskini wasio na wa kuwatetea. Machi 1977 wananchi wakapiga kura, na Serikali ile ikaanguka. Mtu angedhani funzo lilitosha. Lakini Novemba 2014, katika jimbo la Chhattisgarh, daktari mmoja aliwapasua wanawake 83 katika kambi moja, kwa muda wa saa chache, na zaidi ya wanawake kumi wakafa siku zilizofuata. Wanawake hao walikuwa wakilipwa rupia 1,400 kwa kukubali. Kwa tajiri fedha hizo si kitu. Kwa kibarua wa shambani ni sababu ya kutouliza maswali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamuru kambi za namna hiyo zikomeshwe katika muda wa miaka mitatu.

Marekani nayo, ambayo hupenda kuwafundisha wengine haki za binadamu, ina historia chafu katika jambo hili. Mwaka 1973 huko Montgomery, Alabama, wasichana wawili weusi, ndugu wa damu, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 12, walifungwa kizazi na zahanati iliyokuwa ikiendeshwa kwa fedha za serikali. Mama yao hakujua kusoma. Aliwekewa karatasi, akaambiwa maneno ambayo yeye aliyaelewa kuwa ni habari ya sindano, akachora alama ya X. Kesi ilipofika mahakamani ilidhihirika kwamba hawakuwa peke yao, na kwamba mama maskini walikuwa wakitishwa kwamba wasipokubali watanyimwa posho ya serikali. Mwaka 1974 jaji aliupiga marufuku mwenendo huo, na kuanzia mwaka 1979 serikali ya nchi hiyo ikaweka masharti kwa kila upasuaji wa kufunga kizazi unaolipiwa na umma. Anayefungwa awe ametimiza miaka 21. Awe na akili timamu. Atie sahihi kwenye fomu maalumu angalau siku 30 kabla, na fomu hiyo ife baada ya siku 180. Asitie sahihi akiwa katika uchungu wa kuzaa, wala akiwa amelewa. Asiyejua lugha apewe mkalimani.

Masharti hayo yaliwakinga wengi, na kila moja limetokana na maumivu ya mtu fulani. Hata hivyo nayo yalizaa dhuluma ya pili. Yanamhusu mwanamke anayelipiwa na umma tu; mwenye bima yake ya binafsi hutia sahihi leo akafungwa leo. Maskini aliyejifungua kabla siku 30 hazijatimia, au ambaye fomu yake ilisahauliwa katika ofisi nyingine, huambiwa arudi siku nyingine, na wengine hurudi wakiwa na mimba ambayo hawakuitaka. Kwa hiyo sheria iliyotungwa ili maskini asilazimishwe ikawa ndiyo inayomlazimisha kuzaa. Jambo hili litarejewa baadaye, kwa kuwa linaihusu Mikese kuliko linavyoonekana.

Masharti ya Marekani yana uhusiano gani na mkoa wa Morogoro? Yana uhusiano wa fedha. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya huduma za uzazi wa mpango nchini ililipiwa na wafadhili wa nje, likiwamo Shirika la Misaada la Marekani. Mwaka 1982 shirika hilo lilitoa agizo lililofuata fedha zake kila zilikokwenda: asifungwe mtu kwa fedha hizo bila ya ridhaa iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa, na asihongwe mtu ili akubali. Mwaka 1998 bunge lao likaongeza kwamba watoa huduma wasipangiwe idadi ya watu wa kutimiza, na anayekataa asinyimwe haki nyingine. Hayo yalikuwa masharti mema. Lakini yalikuwa masharti ya mwenye fedha, na mlinzi wake alikuwa mkaguzi wa mwenye fedha. Mwaka 2025 shirika hilo lilifungwa. Fedha zimeondoka, na mkaguzi ameondoka pamoja nazo.

Watu wengi wamezungumza juu ya pengo la dawa na vifaa lililoachwa, na ni haki kuzungumza. Ni wachache waliotaja pengo la ulinzi. Taifa linapoanza kulipia lenyewe huduma iliyokuwa ikilipiwa na wengine, linafanya jambo la kujitegemea na linastahili pongezi. Lakini kujitegemea kwa fedha bila ya kujitegemea kwa masharti ni nusu ya kazi. Bajeti ikibana, kishawishi cha kupima kazi kwa idadi ya waliofungwa kitakuwa kikubwa, kwa kuwa idadi ni rahisi kuandika kwenye taarifa na ridhaa ni vigumu kuhesabu. Mwongozo wa Wizara ni mzuri, ila hukaa kabatini kwa mganga. Kinachotakiwa ni kanuni yenye nguvu ya sheria, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ambayo mwananchi wa kawaida anaweza kuinukuu mbele ya daktari.

Asidhani mtu kwamba mambo ya Alabama hayawezi kutokea karibu. Nchini Kenya, mwaka 2012, ilitolewa taarifa iliyokusanya habari za wanawake 40 wenye virusi vya UKIMWI waliosema wamefungwa kizazi bila ya kuridhia, au kwa kushinikizwa. Wengine walieleza kwamba waliambiwa mgawo wa chakula na maziwa ya mtoto ungetegemea kufungwa huko. Wengine walipewa karatasi wakiwa tayari wanaandaliwa kwa upasuaji wa kujifungua. Wako waliogundua baada ya miaka, walipotafuta mtoto wasimpate. Kesi zilifunguliwa mwaka 2014. Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba haki za mmoja wao zilivunjwa na kuamuru alipwe fidia. Baadaye wenzake wanne nao wakapata haki. Miaka minane ni mingi kwa mtu anayedai kitu ambacho mahakama haiwezi kumrudishia.

Sababu waliyopewa wanawake wale, kwamba mwenye virusi hafai kuzaa, haikuwa hata ya kitaalamu. Mama asipopata dawa, hatari ya mtoto kuambukizwa ni kati ya 15 na 45 katika kila 100. Akitumia dawa ipasavyo hushuka chini ya 5. Tanzania kila siku mama wenye virusi huzaa watoto wasio na virusi. Aliyewafunga wale alikuwa akitumia kisu kufanya kazi ya kidonge.

Namibia nayo ilipitia njia hiyo hiyo, na hukumu yake ya Novemba 2014 ina uzito wa pekee. Wanawake watatu walikuwa wametia sahihi. Hospitali za umma zikasema: fomu hizi hapa. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikajibu kwamba sahihi iliyopatikana mama akiwa katika uchungu, bila ya kuelezwa vya kutosha, haitoshi kuwa ridhaa; mtu awe ameelewa, awe na uwezo wa kupima, na asiwe katika hali ya kumpokea yeyote anayemwahidi kwamba maumivu yatakwisha. Kila mama aliyepata kulala kwenye kitanda cha leba anajua kwamba saa ile angetia sahihi hata ya kuuza nyumba.

Sasa lifikiwe suala ambalo hapa Mikese litaleta ubishi mkubwa kuliko yote, nalo ni la mume na mjomba. Mume atasema: mke ni wangu, nimeoa ili nipate watoto, haiwezekani afungwe bila ya sahihi yangu. Mjomba naye, kwa desturi ya Waluguru, ana hoja iliyo nzito zaidi ya hiyo. Ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hupita huko huko. Binti mmoja akifunga kizazi mapema, tawi zima la ukoo laweza kukatika, wakati mume anaweza kwenda kuoa kwingine akapata watoto ambao kwa ukoo wa mke wa kwanza si kitu. Kama sahihi ya ndugu ni lazima, basi kwa mila ya hapa mwenye haki ya kutia sahihi angekuwa mjomba, na mume angesubiri nje! Ni vyema akina baba walipime jambo hilo kabla ya kudai sahihi zao.

Ukweli ni kwamba wote wawili wana haki ya kushauriwa, na mama mwenye busara atawashauri. Muuguzi naye amhimize afanye hivyo, kwani uamuzi uliofichwa huzaa ugomvi nyumbani. Lakini kushauriwa ni kitu kimoja na kushika ufunguo ni kitu kingine. Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyotungwa wakati wa TANU, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa sababu ya ndoa. Ikiwa ndoa haimpi mume mamlaka ya kuuadhibu mwili wa mkewe kwa fimbo, itampaje mamlaka ya kuuamulia uzae au usizae? Katiba, katika ibara ya 16, inamhakikishia kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Itifaki ya Maputo juu ya haki za wanawake wa Afrika, ambayo Tanzania iliridhia mwaka 2007, inampa mwanamke haki ya kuamua kama azae, watoto wangapi na kwa nafasi gani. Na hoja hii hukata pande zote mbili. Mume asiyeweza kumzuia mkewe hawezi pia kumpeleka akafungwe kwa sababu amechoka kulipa ada za shule. Mama mkwe hawezi. Mwajiri hawezi. Wazazi wa binti mwenye ulemavu wa akili hawawezi kumpeleka kimya kimya kwa hofu kwamba atabakwa, kwa kuwa kumfunga kizazi hakumzuii mbakaji. Kunaficha tu matokeo yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema watu hao wabaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na wengine.

Umri ni swali gumu zaidi. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba, kati ya wanawake waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini, 20 katika kila 100 walieleza majuto ndani ya miaka 14. Kwa waliozidi umri huo walikuwa 6 katika kila 100. Mume hufa, ndoa huvunjika, mtoto hufariki kwa homa ya wiki moja. Hata hivyo, kuweka kiwango cha umri kikali kungemzuia mama wa miaka 26 mwenye watoto watano na makovu matatu ya upasuaji. Afadhali kijana aelezwe zaidi na asubiri zaidi, na aonyeshwe kwanza kijiti na kitanzi, kuliko kufungiwa mlango.

Hapo ndipo linaporudi lile la siku 30. Mikese iko yapata kilomita 30 kutoka Morogoro mjini, kwenye barabara ya lami na kando ya Reli ya Kati, na bado kwa mama wa kijiji cha ndani safari ya hospitali ya mkoa ni siku nzima na nauli ya kwenda na kurudi. Mama aliyeifuata timu kituoni, akaambiwa arudi baada ya mwezi, huenda akaikuta timu imekwisha hamia wilaya nyingine, au mwezi huo ukawa wa palizi. Kungoja kwa namna hiyo ni kunyimwa kwa jina jingine. Dawa yake si kufuta siku za kufikiri. Ni kuzianza mapema. Mjamzito huhudhuria kliniki mara kadhaa kabla ya kujifungua. Aelezwe katika mahudhurio hayo, akiwa na akili yake tulivu, na kama anataka, itiwe alama kwenye kadi yake miezi kabla ya uchungu. Kwa asiye mjamzito, muuguzi wa kituo aanze mazungumzo wiki kadhaa kabla ya timu kufika, ili timu ikute watu waliokwisha kufikiri na isije kuwashawishi waliokuja kupima shinikizo la damu.

Fomu yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Sentensi yake ya kwanza iseme kwa Kiswahili ambacho hakina mlango wa nyuma: "Baada ya upasuaji huu sitazaa tena." Isomwe kwa sauti, na kwa mama mkongwe wa mlimani isemwe kwa Kiluguru. Kisha mama aulizwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, na maneno hayo ndiyo yaandikwe, si yale ya kuchapwa. Shahidi asiwe mtumishi wa timu inayopasua. Mama amchague mwenyewe, awe dada yake, jirani, hata huyo mjomba akitaka. Nakala ibaki kwake. Katika taarifa ya mwezi ya kituo, badala ya safu ya idadi ya waliofungwa peke yake, iwepo safu ya walioelezwa wakaamua kutofungwa. Na mganga mwenye sifuri katika safu hiyo kwa mwaka mzima aulizwe ni kwa vipi kila aliyezungumza naye alikubali.

Na mama ambaye alitia sahihi, akafika siku ile, akavuliwa nguo na kulazwa mezani, kisha akasema hapana, ashushwe pale pale bila ya kuulizwa sababu. Apewe nauli yake ya kurudi kama walivyopewa wenzake, aandikiwe njia nyingine akiitaka, na jina lake lisiingizwe kwenye daftari la watoro.